Ngome Iliyogeuka Jukwaa

Haya wajukuu zangu wa kijiji chetu cha Bodo, sogeeni. Mkiambiwa jumba la muziki, bila shaka mnaona viti vya mahameli, pazia zito na dari refu lenye taa zinazometameta. Mimi leo nawapeleka kwenye jumba lisilo na paa. Dari lake ni nyota, na kuta zake zilijengwa watu wapigane, wala si waimbe.

Ni Ngome Kongwe ya Unguja. Zamani msafiri wa kwetu aliyepanda chombo cha tanga alingoja kaskazi ivume ndipo ashuke kusini. Nyinyi mtapita Lungalunga, Tanga, Dar es Salaam, kisha mtavuka kwa boti. Nendeni Februari, maana ndio mwezi wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na bado ni msimu uleule wa kaskazi.

Mkishuka bandarini, fuateni pwani hadi Forodhani. Mtaona ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, rangi ya asali iliyochacha, wenye minara ya duara na meno juu yake. Wareno walipofukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, Waarabu wa Oman waliijenga ngome hii ili wasirudi. Ndani palikuwa na mabaki ya kanisa la Wareno, nao wakayaacha yawe sehemu ya ukuta. Yaguseni mawe yale. Baadaye ngome ikawa gereza, na waliohukumiwa kifo waliuawa hapo. Garimoshi la kwenda Bububu lilipokuja, mwanzoni mwa karne ya 20, pakawa karakana yake. Hatimaye, katika miaka ya 1990, zikajengwa ngazi za mawe za kukalia, zimepinda nusu duara, zikitazama jukwaa.

Sasa kaeni kwenye ngazi hizo niwaeleze jambo. Sauti haitulii. Ikitoka kinywani hutawanyika kila upande, na uwanjani hupotelea hewani. Ikikutana na ukuta mgumu hurudi. Kurudi huko kukiwa kwa kiasi, wimbo hunenepa. Kukizidi, maneno hupandana. London kuna Royal Albert Hall, jumba la duaradufu lililofunguliwa mwaka 1871, ambalo mwangwi wake uliwasumbua wanamuziki karibu miaka mia, mpaka mwaka 1969 yakatundikwa darini masahani makubwa ya kuutuliza. Ngomeni kuta husaidia kidogo, na sauti iliyozidi hutoka juu. Ndiyo maana vipaza sauti havikosekani, hasa kwa ajili ya qanuni.

Qanuni hamjaiona Bodo. Ni sanduku bapa la mbao lenye nyuzi zaidi ya 70. Mpigaji huliweka mapajani, akadonoa nyuzi kwa vidole vya shahada alivyovivisha vyembe. Sauti yake ni nyembamba na ya upole. Wasikilizaji wakipiga kelele huisikii. Huandamana na udi, fidla, nai na dumbaki, na hiyo ndiyo taarabu ya kale.

Kwa Unguja, ilianzia jirani kabisa na ngome. Ukitoka ngomeni, jengo linalofuata ni Beit el-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeleta wanamuziki wa Misri, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Muziki ukawa wa Sultani na wageni wake, na nyimbo zikawa za Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, chama ambacho hadi leo kipo. 

Lakini aliyeutoa muziki ule barazani akaupeleka kwa watu ni mwanamke kutoka kijijini. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaja mjini kuimba. Aliimba Kiswahili, akayasema ya wanyonge, hata ya mahakama zilizowaonea. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikasikika pwani yote. Nataka hasa wasichana mlikumbuke jina hilo. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kuzifuata nyimbo za Siti, aliimba katika ngome hii akiwa bibi kizee kabisa, mpaka mauti yalipomchukua Aprili 2013.

Na je, mtakaaje huko? Katika kumbi za Ulaya wasikilizaji hunyamaza, wakapiga makofi wimbo ukiisha. Taarabu haina sheria hiyo. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda jukwaani kwa madaha, noti imeinuliwa juu watu waione, unamtunza mwimbaji, unarudi ukicheza taratibu. Wengine hutunza kwa sababu ubeti umewasemea jambo lao na jirani, na ukumbi mzima hugeuza shingo kumtafuta jirani huyo. Msione haya. Kaeni karibu na njia ya katikati, muwe na noti ndogondogo, na ala zetu, chivoti na kayamba, zikiletwa jukwaani, pigeni vigelegele mpaka wajue Wadigo wamefika.