MKUNAZI: FAIDA ZAKE NA WAJIBU WA KUUHIFADHI

Mkunazi ni miongoni mwa miti ya matunda inayostahimili ukame. Hapa Zanzibar huota hata katika ardhi ya maweni, ambako udongo ni haba na mazao mengi hudhoofu, kwani mzizi wake mkuu hushuka chini sana kutafuta maji. Kitaalamu mti huu huitwa Ziziphus mauritiana. Umaarufu wake visiwani unadhihirika katika jina la mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe.

Kunazi ni tunda dogo lenye kokwa moja ngumu. Likiwa changa huwa la kijani. Likiiva hugeuka manjano na hatimaye hudhurungi. Huliwa lilivyo au hukaushwa, nalo lina vitamini C kwa wingi.

Faida za mti huu haziishii katika tunda. Majani yake ni malisho ya mbuzi, na maua yake ni chakula cha nyuki. Aidha, majani hayo yakitwangwa na kutiwa majini hutoa povu, na hutumika kuoshea maiti wa Kiislamu kwa mujibu wa Sunna. Hivyo, kijiji kilichomaliza mikunazi yake hulazimika kuyatafuta mbali siku ya msiba.

Ubora wa mti huu ndio unaouponza. Mbao zake ni ngumu na hutoa makaa mazuri. Mkunazi uliokatwa huweza kuchipua, lakini kisiki kikichomwa au kung'olewa, huenda mti usirudi tena. Anayehitaji kuni inafaa apogoe matawi tu. Kupogoa hakuuharibu mkunazi, kwa kuwa matunda hutokea kwenye machipukizi mapya.

Wanaotaka kupanda wachague kokwa za matunda yaliyoiva na kuzipasua kwa uangalifu bila ya kuijeruhi mbegu, kwani kokwa isiyopasuliwa huchelewa kuota. Mbegu zioteshwe katika vifuko virefu ili mzizi mkuu usijikunje. Miche ihamishiwe shambani masika yanapoanza, na izungushiwe ua dhidi ya mbuzi.

Wananchi wanakumbushwa kuwa matumizi ya rasilimali za misitu Zanzibar yanasimamiwa na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996. Kabla ya kukata mti, ni vyema kuonana na Sheha wa eneo husika ili kupata maelekezo kuhusu kibali.