Mbio za Askari Polisi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu huonekana dogo, nalo ni pumzi na miguu ya askari polisi. Kila mtu amekwisha mwona askari akisimama njia panda, nguo zake zimenyooshwa na vifungo vyake vyang'aa. Hapo hatuwezi kujua kama mwili wake wafaa kazi au haufai. Twajua siku ile mwizi anapochopoka na kukimbia, na mwenye mali anapiga yowe, na askari yu peke yake. Je, wale wenye kuandika askari watajuaje mapema kwamba mtu huyu atamfikia mwizi, na akimfikia atakuwa amesaliwa na nguvu za kumshika?

Zamani watu walitumia kipimo chepesi, yaani urefu. Polisi wa London walipoanzishwa mwaka 1829, aliyetaka kuandikwa ilimpasa awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 7. Kipimo hicho kilikuwa na faida moja: mtu husimamishwa ukutani, akapimwa, mabishano yakaisha. Lakini sisi sote twawajua watu warefu wanaotweta wakipanda kilima kidogo, na wafupi ambao kijijini hapana awashindaye mbio. Hata hivyo sharti la urefu lilidumu Uingereza mpaka mwanzo wa miaka ya 1990.

Nchini Marekani shauri la namna hii lilifika mbele ya mahakama ya juu kabisa mwaka 1977. Jimbo la Alabama lilitaka kila mlinzi wa gereza awe na urefu wa futi 5 na inchi 2, na uzito wa ratili 120. Ilipopigwa hesabu, ilionekana kwamba sharti hilo lingewakataa wanawake zaidi ya 40 katika kila 100, na wanaume wasiotimia hata mmoja katika 100. Jimbo likajitetea kwamba urefu na uzito ni dalili ya nguvu. Majaji wakasema kwamba kama linalotakiwa ni nguvu, basi na zipimwe nguvu zenyewe.

Neno hilo ni la haki, lakini lilizaa swali lililo gumu kuliko la kwanza: nguvu kiasi gani zatosha? Mfano ulio bora tuujuao watoka katika mji wa Philadelphia, huko huko Marekani. Shirika la usafiri la mji huo, lenye treni na mabasi, lina askari wake lenyewe. Mwaka 1991 lilitoa amri kwamba kila aombaye kazi hiyo akimbie maili 1 na nusu kwa muda wa dakika 12, na asiyeweza aende zake.

Dakika 12 zilitoka wapi? Mtu akimbiapo, misuli yake ni kama moto wa mhunzi, ambao hauwaki vema bila mivukuto. Mivukuto ya mwili ni mapafu na moyo: mapafu huvuta hewa, na moyo huisukuma damu ichukue ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni mpaka penye kazi. Wataalamu hupima ni mililita ngapi za oksijeni mwili waweza kutumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtaalamu aliyeajiriwa na shirika lile aliwahoji askari wazoefu juu ya kazi yao, akaona kwanza kwamba yafaa kutaka 50. Kisha akaona kipimo hicho kingewaumiza mno wanawake, akateremka mpaka 42.5. Mbio zile za dakika 12 ndizo zilizochukuliwa kuwa dalili ya 42.5. Hata baada ya kuteremka, mwaka 1991 walioshinda walikuwa wanaume karibu 60 katika kila 100, na wanawake 12 tu.

Wanawake watano waliokataliwa wakashtaki. Shauri lilikwenda na kurudi baina ya mahakama kwa miaka mingi. Mwaka 1999 mahakama ya rufani iliamua kwamba haitoshi kusema mwenye pumzi nyingi ni askari bora kuliko mwenye pumzi chache. Yapasa shirika lionyeshe kwamba kipimo chake ni kile cha chini kabisa ambacho bila hicho kazi haifanyiki vema. Shirika likaleta uchunguzi wake: katika kazi zilizopimwa, walioshinda mbio walifanikiwa 70 mpaka 90 katika kila 100, na walioshindwa walifanikiwa 5 mpaka 20 tu. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo ikalipa shirika ushindi, ikisema pia kwamba karibu wanawake wote wangeweza kushinda wakijizoeza kidogo.

Sisi hatuna ugomvi na hesabu hizo. Mwenye kuibiwa hataki kusikia habari za mashauri, ataka mwizi akamatwe. Lakini liko jambo moja lililotukwaza. Askari waliokuwa kazini tayari nao walikimbizwa, na wengi wakashindwa. Wala hawakufukuzwa, bali wako walioshindwa ambao walipandishwa cheo. Ikiwa mbio zile ni za lazima kwa kazi, zawezaje kuwa za lazima mlangoni tu, na ndani ya nyumba zisiulizwe?

Kwa hiyo twapenda zaidi namna ya polisi wa Uingereza na Wales. Huko, tangu mwaka 2014, askari hupimwa kila mwaka, si siku ya kuandikwa tu. Hupimwa mita 15, na askari hukimbia kwenda na kurudi akifuata mlio wa chombo, nao mlio huzidi kuharakishwa. Askari wa kawaida atakiwa kukimbia mita 525 kwa dakika 3 na sekunde 35. Kipimo hicho kilitokana na nguvu zitumikazo katika mafunzo yao ya kujilinda na kumkamata mtu, nacho ni sawa na mililita 35 katika hesabu ile tuliyoieleza. Mwenye kuongoza mbwa hukimbia zaidi kidogo, na achukuaye bunduki huzidishiwa mno. Mwanamume na mwanamke, kijana na mtu mzima, wote husikiliza mlio mmoja. Anayeshindwa hupewa nafasi ya kujizoeza na kurudia.

Mwenye kutaka kujua ugumu wake na apime hatua 15 ndefu uwanjani, akimbie kwenda na kurudi mara 35 jumla, na mwenzake ashike saa.