Nyumba ya Desemba, Baridi ya Julai

Wapare wengi wanaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga na Arusha hujenga nyumba kwao milimani. Ni jambo la kusifiwa, maana mkataa kwao ni mtumwa. Lakini wengi husimamia ujenzi huo wakati wa likizo ya Krismasi, na hapo ndipo tatizo huanzia.

Desemba ni miezi ya joto, tena jua la saa sita mchana huwa limeinamia kusini. Wazee watakaolala humo watakutana na baridi ya Juni, Julai na Agosti, wakati jua limehamia kaskazini. Mji wa Same uko chini tambarare, penye joto na ukame. Ukipanda hadi Vudee, Mamba au Chome mambo hubadilika, kwani kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ramani ya nyumba ya Dar es Salaam, iliyokusudiwa kupitisha upepo, haifai huko.

Basi nyumba ya milimani ijengweje? Kwanza, sebule na chumba cha wazee vielekee kaskazini, na madirisha makubwa ya vioo yawe upande huo. Huko Ulaya huelekeza kusini, kwa kuwa wao wako kaskazini ya Ikweta. Sisi tuko kusini yake. Julai jua litaingia ndani. Desemba litapita upande wa pili. Upenu wa kaskazini uwe mfupi, kwani hata Julai jua letu la mchana liko juu, na upenu mrefu utalizuia. Upande wa kusini, unakotoka upepo wa kusi, madirisha yawe madogo na machache.

Pili, joto litunzwe. Kuta nene za mawe au matofali, na sakafu ya saruji, hunywa joto mchana na kulirudisha usiku. Bati halitunzi joto. Kwa hiyo dari itangulie mapambo, mianya kati ya ukuta na bati izibwe, na madirisha yafungwe kwa mbao jua linapozama. Siku za ukungu jua halitasaidia sana, lakini dari itasaidia.

Jambo hili si la anasa. Mzee anayetetemeka huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Nyumba iliyozibwa vizuri huzidisha hatari hiyo, hivyo jiko la mkaa lisiingie kabisa chumba cha kulala.

Ewe unayetaka kujenga, kabla ya kuchimba msingi nenda nyumbani mwezi wa Julai. Lala huko usiku mmoja, kisha asubuhi utazame jua linatokea wapi. Hapo ndipo umwite fundi.