Ncha ya Kudunga Nani?

Maze, wewe unajijua. Ukiona jezi ng'ambo ya barabara unajua ni player version ama ni ya Gikomba. Kinyozi unamwambia namba ya pande na namba ya juu bila kufikiria. Ndula zako ziko na ratiba. Lakini kisu? Hapo unaokota yoyote yenye inang'aa kwa supa, unatupa kwa drawer, story imeisha. Msee ako na keja, rent analipa, Wi-Fi iko, na bado nyanya anaifinya mpaka inatoa machozi.

Cheki, kisu ni luku. Na luku ya kisu ni shape. Rangi ya mpini ni mapambo. Logo ni mapambo. Shape ndio kazi.

Wazee watakushow "kisu ni kisu." Sawa. Hao ndio wale hufungua mkebe ya rangi na ncha, wanakaza skrubu ya redio na hiyo hiyo ncha, wanainoa kwa simiti ya veranda, halafu Krismasi wanalia kuku ni ngumu. Kuku haikuwa ngumu, guka. Tuwaache na redio yao, tusonge.

NCHA, TUMBO, STRAIGHT

Vitu tatu tu. Ncha hutoboa. Tumbo ni pale makali inapinda ikipanda juu kuelekea ncha. Hiyo hukata ukivuta, ama ukibembeza kisu kwa ubao. Straight ni makali imenyooka. Ukishuka, yote inagusa ubao wakati mmoja, hakuna kitu inabaki imeshikana. Watengenezaji huongeza majina mob juu ya hapo, lakini ukishika hizo tatu hakuna muuzaji atakuchezea.

Shida ni moja: wasee hununua ncha. Ncha iko na attitude. Inakaa poa kwa status. Lakini kwa bedsitter ya Umoja, ama mfukoni ndani ya mat ya Rongai, swali ni hili, na nitalirudia mpaka ujibu: ncha ya kudunga nani?

KITCHEN: ANGALIA SAHANI YAKO KWANZA

Hesabu vitu unakatanga wiki yote. Sukuma. Kabeji. Kitunguu. Nyanya. Hoho. Dhania. Karoti na waru kukiwa na wageni. Nyama inakuja mwisho wa mwezi, na butcher ashaikata. So kisu yako inaishi kwa mboga. Na mboga zetu hukatwa kwa fungu, majani yakiwa yamekunjwa pamoja. Hapo tumbo kubwa inakuangusha: inakata katikati, pembeni inaruka, unainua kabeji inatoka ikiwa mkufu mzima.

Ndio maana mimi ni team santoku, na sitoki. Ilitoka Japan, ikaenea kwa manyumba baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kisu moja ya kumaliza nyama, samaki na mboga. Blade ni sentimita 16 mpaka 18 hivi. Makali ni karibu straight. Mgongo unashuka mbele kukutana na makali, so ncha iko chini, imetulia, haina kiburi. Blade ni pana, vidole zako hazigongi ubao, na ukimaliza unazoa kitunguu na hiyo hiyo blade unarusha kwa sufuria. Kama wewe ni wa mboga mpaka ndani, kuna nakiri: mstatili, straight mwanzo mpaka mwisho, ncha zero. Kabeji ikiona nakiri inajipanga line.

Chef knife ya Mjerumani nayo iko na tumbo mob. Inabembea. Kwa kukatakata dhania na saumu ni moto. Ya Mfaransa imenyooka kiasi, unaisukuma mbele. Ni visu safi. Lakini zilichorwa kwa meza zingine. Msee wa steak anunue tumbo. Msee wa sukuma anunue straight.

Hauamini? Simama kwa mama mboga jioni, saa ya watu kutoka job. Ubao hana. Fungu ya sukuma imekunjwa kwa mkono wa kushoto, kisu inatembea kwa wa kulia, majani yanatoka nyembamba, zote size moja, na anakupigia story ya landlord bila hata kuangalia chini. Sasa cheki kisu yake poa. Fupi. Nyembamba. Straight. Ncha ilishaisha kwa kunolewa. Ni fupi juu anakatia hewani. Blade ndefu ingemtafuta kidole. Hakuna designer alimchorea hiyo shape, kazi ndio ilichora. Huyo ni level, mpee heshima na umwachie change.

Msee wa smokie pasua naye? Kakisu kadogo. Mvuto mmoja smokie imefunguka, mwingine yai imefunguka, kachumbari ndani, next. Mpee chef knife ya inchi 8 uone line ikifika stage. Halafu kuna wasee wa mutura na wa choma, pale Burma ama Kenyatta Market. Hao wanataka blade ndefu, nyembamba, yenye tumbo. Hapo tumbo inakula credit yake yote. Choma hukatwa kwa kuvuta. Ukiisukuma chini inafinyika, juice yote inabaki kwa ubao, na wewe unabaki na kamba ya kutafuna.

Na mifupa? Panga. Usijaribu santoku kwa mifupa ya mbuzi. Pia cleaver pana ya Kichina, ile nyembamba ya mboga, inakudanganya na sura. Inakaa ya butcher, lakini ukigonga mfupa nayo makali inamegeka.

MFUKONI: KISU YA KAZI, ACHA YA MOVIE

Kisu ya mfukoni inafanya nini kwa life yako? Inafungua parcel. Inakata kamba ya gunia. Inamenya chungwa kwa safari. Inakata mango, unaongeza pilipili, unagawia mbogi. Basi. Hakuna dragon huko nje.

Ya kwanza kwa heshima ni Opinel ya Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuzitengeneza 1890 huko Savoie, kisu ya wakulima, mpini ya mbao, blade imepinda kiasi kwa mgongo. Ile pete ya kulock ilikuja 1955. Namba 8 iko na blade ya sentimita 8.5, na kwa chapo, avocado na chungwa haina mpinzani. Inakaa simple, ni light, na msee anayejua visu akiiona ananyamaza kwa heshima.

Ya pili ni ile nyekundu ya Uswisi. Karl Elsener alifungua workshop yake Ibach 1884, na ile design ya maofisa, yenye vifaa vyake vyote, ikakuja 1897. Blade yake ni ya kawaida, ncha katikati, tumbo kidogo. Haiwezi kukuaibisha popote. Hata mbuyu wako anaitambua, na bado iko poa, hiyo ni nguvu kubwa.

Ya tatu iko na jina ya mnyama wa msitu wa Ituri: Okapi. Ilianza Solingen, Ujerumani, 1902, ikitengenezwa mahsusi kuuzwa kwa makoloni ya Wajerumani Afrika. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Ile sauti yake ya kukrr-krr ikifunguka inajulikana mpaka Jamaica. Luku ni kali, historia ni kali, bei iko chini. Lakini ncha yake ni ndefu, na hiyo sauti kwa giza ya mtaa inatafsiriwa vibaya. Ncha ya kudunga nani? Iache kwa keja.

Shape yangu ya mfukoni ni sheepsfoot. Makali straight, mgongo unazunguka kushuka, ncha ya kutoboa haiko. Mabaharia waliipenda: meli ikiyumba hakuna mtu anadungwa, na kamba inakatika safi. Sasa hebu fikiria mat ya jioni ikipanda mabampu za estate. Ni meli tu hiyo. Unafungua parcel bila kukwaruza simu mpya iko ndani, na ukiitoa kwa ofisi hakuna mtu anaruka.

Na hii ni serious, so skiza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inasema ukipatwa na silaha hatari kwa mazingira yenye yanaonyesha nia ya kufanya uhalifu mkubwa, ni miaka 7 mpaka 15 ndani. Sanse saa tano usiku hatakuuliza steel ni gani. Kisu ya mfukoni ni ya mchana, ya kazi, ya picnic. Ukienda raha town, iache. Ukienda JKIA, iweke kwa begi ya chini ya ndege.

ZA KUTUCHOMA

Hapa tunataja dhambi kwa sauti.

Karambit. Hiyo imepinda ka-ukucha, na tundu ya kidole. Huko Sumatra iko na heshima na kazi yake. Wewe uliijua kwa game ya Counter-Strike, tangu skins ziingie 2013. Sasa uko nayo South B ukifungua nayo pakiti ya unga. Makali yake iko ndani ya pinda, hata ubao haiwezi kugusa. Umetuchoma, buda.

Kisu ya Rambo. Jimmy Lile alichora ile original ya movie ya First Blood, 1982, na ilikuwa kisu ya maana. Yenye unauziwa town ni copy tu: mpini ya shimo, meno kwa mgongo na compass kwa kifuniko. Compass ya kukuonyesha Rongai iko wapi? Panda mat.

Tanto ya Kimarekani, ncha imekatwa kona kali. Ni ngumu kunoa, haina tumbo, na iko na ncha ya kutoboa mlango ya gari. Ncha ya kudunga nani?

Ile ya mpini ya plastiki yenye meno meno kwa kila kitu. Meno ni ya mkate, full stop. Kwa sukuma inararua majani, kwa nyama inatoa uzi, na ikiisha makali jiwe ya kawaida haiisaidii.

Na kisu ya shosh, ile imenolewa miaka yote mpaka sasa ni kijiti ya kuchokonoa meno. Atakushow bado iko sawa. Mkumbatie, mpee mpya, iibe hiyo ya zamani ukitoka.

ZA KUMALIZA WALLET

Damascus. Ile michoro ya mawimbi imejaa kwa TikTok, na wasee wanamwaga doo. Damascus ya ukweli ya siku hizi ni vyuma tofauti zimeunganishwa kwa moto na nyundo, so mchoro umeingia mpaka ndani. Ya uongo imechorwa na laser juu juu. Test ni rahisi: angalia mgongo. Kama mawimbi yameishia kwa upande na mgongo ni plain, hiyo ni sticker ya bei ghali.

Kisu kali za Japan, zile za dola 150 kwenda juu. Steel yake ni ngumu sana, mara nyingi 60 na zaidi kwa kipimo cha Rockwell, wakati za Ujerumani hucheza karibu na 56. Ngumu inakaa na makali mrefu. Ngumu pia inamegeka ukikata nyama imeganda. Kama kejani kwako kila mtu anaosha kisu na steel wool na kuitupa kwa sink, usijichome.

Na zile set za kwa mbao, visu kumi na mbili. Utatumia mbili. Hizo kumi ni za kuvutia mama mkwe, na mama mkwe naye anaamini kisu ni kisu.

MAKALI NI ADABU

Shape bila makali ni bure. Nunua jiwe ya kunoa ya namba 1000. Kisu ya Kijapani unainoa ukiinua digrii 15 hivi kwa kila upande, ya Kijerumani 20. Yule fundi wa kunoa na baiskeli anayezunguka estate, mpee panga na jembe, hapo ni mnoma. Santoku usimpee: jiwe yake ya kuzunguka inakula chuma haraka, na ile straight ulilipia inageuka wimbi.

Jiwe huna? Geuza kikombe ya kauri. Ile duara ya chini haijapakwa glaze, inanoa vizuri. Hiyo trick ni ya wazee, na ndio pointi yao pekee msimu huu.

SASA FANYA HIVI

Santoku moja. Kakisu moja ka sentimita 8 mpaka 10 ka kumenya. Panga ya mifupa. Jiwe. Kwa mfuko, sheepsfoot ama Opinel. Hapo umemaliza, na umebaki na doo ya ndula.

Na kama unataka flex yenye hakuna mtu ako nayo kwa mbogi, chora shape yako kwa karatasi ngumu, makali straight, mgongo unashuka, ncha imetulia. Peleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Mwambie fundi atumie springi ya gari, chuma yake iko na carbon ya kutosha kushika makali. Itashika kutu ukiiacha na maji, so ipanguse kila siku. Lipa fundi bei yake bila kumsumbua. Hiyo ndio kisu ya kuweka kwa status.