Kuwafundisha Watoto Utunzi wa Hadithi za Kubuni Zitokanazo na Historia: Mfano wa Zone Industrielle, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuwaongoza watoto kutunga hadithi za kubuni zinazochota maudhui katika historia. Hoja kuu ni kwamba ubunifu wa aina hii huanzia pale kumbukumbu zinaponyamaza, na kwamba mtoto hana budi kufundishwa mpaka uliopo baina ya kinachojulikana na alichokibuni. Nchini Burundi, ambako Kiswahili hufundishwa shuleni pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na ambako historia ya karibuni ina majeraha mazito, suala hili linavuka mipaka ya somo la insha.

2.0 Kielelezo cha Fasihi ya Kiswahili

Watunzi wa Kiswahili wameonyesha njia. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, aliweka wazi kwamba mhusika wake si nakala ya Kinjeketile wa kihistoria. Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli (1979), aliuchukua mgomo wa makuli wa bandarini Zanzibar wa mwaka 1948 akausimulia kupitia maisha ya Rashidi, kijana wa kubuni. Tukio ni la kweli, anayelishuhudia amebuniwa.

3.0 Historia Iliyo Karibu na Mtoto

Anayesoma katika eneo la Zone Industrielle huona viwanda, maghala na malori, na bandari haiko mbali. Mazingira hayo yana historia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaunganisha pwani ya Bahari ya Hindi na Ziwa Tanganyika. Mji wenyewe uliitwa Usumbura hadi mwaka 1962. Mwalimu anaweza kuuliza: mchukuzi wa Usumbura alizungumza lugha gani na mabaharia wa Kigoma? Jioni alirudi nyumbani na nini?

Mfano mwingine uko Mugere, kusini mwa jiji, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. Walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji ili kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia. Wavuvi wa ufuko huo hawakuhitaji msafara kulijua hilo. Jiwe linawakumbuka wasafiri wawili, si wapiga makasia wao. Mtoto anaweza kumpa mpiga kasia mmoja jina, hofu na kwao. Hawezi kubadili mwaka wala mkondo wa mto.

4.0 Hatua za Ufundishaji

Kwanza, darasa lichague jambo moja la mahali lilipo. Pili, kila mtoto agawe ukurasa wa daftari sehemu mbili: “Yanayojulikana” na “Niliyobuni”. Tatu, achague shahidi mmoja wa kubuni na kuandika kisa kwa macho yake. Nne, kisa kisomwe mbele ya wenzake, nao wakihoji. Atakayempandisha mpiga kasia wa 1871 gari moshi la Kigoma atasahihishwa na darasa kabla ya mwalimu.

Kuanza na kazi na usafiri si kuyakwepa matukio ya 1972 na 1993, bali ni kuandaa uwezo wa kuyakabili. Mtoto aliyezoea kuuliza “hili limejulikanaje?” kuhusu mtumbwi ataliuliza pia kuhusu uvumi unaochochea chuki. Hata hivyo, asilazimishwe kuandika msiba wa familia yake ili apate alama.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hadithi ya kihistoria humfunza mtoto lugha na uadilifu wa ushahidi kwa pamoja. Inapendekezwa kwamba wakuza mitaala waandae matini fupi za Kiswahili kuhusu historia ya maeneo ya shule, zikiwa zimehakikiwa na wanahistoria. Mafunzo ya walimu yajumuishe namna ya kushughulikia kumbukumbu zenye maumivu. Na usahihishaji wa insha utoe alama kwa mtoto anayeweza kueleza ni wapi ukweli wake unaishia na ubunifu wake unaanzia.