Kikosi Bora Hakigawanywi Nusu kwa Nusu

Kila msimu ukiisha swali ni lile lile, kuanzia vijiwe vya Mtaa wa Msimbazi hadi kona ya Twiga na Jangwani: "Kwenye kikosi bora, Simba wangapi, Yanga wangapi?" Nimechoka kuulizwa. Swali lenyewe ni bovu, kwa sababu linaanza na jezi kabla ya kuangalia nani alicheza nini.

Wanaolitetea husema mgawo wa nusu kwa nusu ni haki na unaepusha ugomvi. Haki kwa nani? Chukueni msimu wa 2013/14. Azam ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Yanga ikawa ya pili. Mbeya City, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ikamaliza ya tatu. Simba ilikuwa ya nne. Sasa gaweni nusu kwa nusu: mabeki na kipa wa timu ambayo haikushindwa msimu mzima wanaachwa nje, na vijana wa Mbeya hawatajwi kabisa. Hiyo ni dhuluma, na wanaoumia ni wachezaji ambao maisha yao yanategemea kuonekana.

Mtu atanijibu kwamba mfungaji bora wa msimu huo, Amissi Tambwe, alikuwa wa Simba, kwa mabao 19. Kweli, na nafasi yake alistahili. Lakini msimu wa 2015/16 Tambwe huyo huyo aliibuka mfungaji bora akiwa Yanga, kwa mabao 21. Aliyefunga ni yeye, na uwezo wake hakuuazima kwa klabu yoyote.

Ugonjwa huu wa kuangalia timu chache tu si wa Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga, peke yake. Marekani, kikosi cha kwanza cha nyota wa vyuo katika futiboli yao, kinachohusishwa na Walter Camp na mwandishi Caspar Whitney, kilitoka mwaka 1889. Wote 11 walitoka vyuo vitatu vya mashariki: Princeton watano, Harvard watatu, Yale watatu. Vyuo hivyo vilikuwa na nguvu, sibishi. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi 1898 ndipo Camp alipomweka kikosi cha kwanza mchezaji kutoka upande wa magharibi, Clarence Herschberger wa Chicago. Mteuzi huchagua aliowaona, na sisi tunaona zaidi walio karibu na Kariakoo. Ndiyo maana Mseto ya Morogoro iliyotwaa ubingwa 1975, Tukuyu Stars ya 1986 na Coastal Union ya 1988 hazitajwi kwenye vikosi vyetu vya "wakati wote".

Anayetaka kupanga kwa haki afanye hivi. Chagua mfumo kwanza, kisha jaza nafasi moja moja. Baki ndani ya msimu mmoja. Weka idadi ya chini ya mechi ambazo mchezaji lazima awe amecheza. Tazama mechi za mikoani. Usizoziona, waulize makocha wa timu zilizocheza. Makocha na manahodha wakipiga kura, wasiwapigie wachezaji wao. Kila jina liandikiwe sababu yake. Usimweke winga kuwa beki ili jina litoshe.

Jezi zihesabiwe mwisho. Zikitoka Yanga saba na Simba moja, au Simba sita na Yanga hakuna, kikosi kitangazwe kama kilivyo.