Kuchoma Picha, London ya 1772

Cheki hii form. London, mwaka wa 1772, barabara inaitwa Strand, duka nambari 39. Dirisha limejaa picha za kuchapwa kutoka chini mpaka juu, na nje hapo wasee wamejam, shingo ndefu, wanacheka. Kwa zile picha kuna machali wamebanwa na koti fupi, wigi limepanda kama limefufuka, kakofia kadogo kamekalia huko juu, upanga kiunoni, maua kifuani. Hiyo scene sijaitunga. Jamaa anaitwa Edward Topham aliichora mwaka huo huo, na duka lenyewe ndilo liliichapisha likaiuza. Topham hakuwahurumia hata wale wa nje: amewachora vituko pia.

Duka lilikuwa la Matthew Darly na bibi yake Mary, na mimi nampea Mary heshima ya kwanza. Huyu mathe alikuwa anachora, anachapisha na anauza. Kitu 1762 hivi alitoa kitabu cha kufunza watu kuchora katuni za sura, kati ya vitabu vya kwanza vya hiyo kazi kwa Kizungu. Halafu kuanzia 1771 mpaka 1773, yeye na mzae wake wakashusha seti juu ya seti, kila seti picha 24. Ukiwa na mchoro wako au idea ya kumchoma mtu picha, ulikuwa unapeleka dukani, wanaichonga kwa shaba, wiki chache baadaye jamaa wako anachekwa na mji mzima.

Na hiyo kazi ya shaba haikuwa mchezo. Unachukua bamba la shaba limelainishwa, unalipaka nta, unachora na sindano mpaka shaba ionekane, unamwaga asidi inakula penye sindano imepita. Ukishatoa nta unapaka wino, unapanguza, unawekelea karatasi yenye unyevu, unapitisha kwa mashine ya kubana. Inatoka nyeusi na nyeupe. Rangi inawekwa na mkono, moja moja, kwa hivyo picha mbili za bamba moja zinaweza kutoka na koti za rangi tofauti. Bila rangi ilikuwa inaenda kama penisi sita, yenye rangi shilingi moja. Na shilingi haikuwa kitu kidogo, ju msee wa mjengo London alikuwa analipwa karibu shilingi mbili siku nzima. Kwa hivyo wengi hawakununua. Walikuja tu dirishani, na dirisha lilikuwa bure.

Sasa hao machali wenye walikuwa wanachorwa waliitwa makaroni. Mwanzo wao ni wadosi vijana wenye walitumwa Ulaya kukamilisha masomo, wakafika Italia, wakarudi na ladha ya chakula inaitwa makaroni na luku ya huko. Mwaka wa 1764 Horace Walpole alikuwa ashaandika kuhusu klabu ya Makaroni kwa barua zake. Kama ingebaki hapo, watoto wa wadosi wakicheza na pesa ya wadosi, sidhani kama Darly wangepata mamia ya picha. Kitu ilifanya moto uwake ni kwamba luku ilitoka kwa wenyewe ikaingia mtaani. Makarani, wasee wa duka, watoto wa wakulima, hata mapasta wakaanza kutupia. Kila mtu akapata picha yake: makaroni wa kanisa, makaroni wa jeshi, makaroni wa mbio za farasi. Joseph Banks, yule mtafiti wa mimea mwenye alizunguka dunia na Captain Cook akarudi 1771, alichorwa akisimama juu ya tufe mbili za dunia, anakimbiza kipepeo, amewekewa masikio ya punda.

Kuna moja ya 1774 yenye naipenda na inaniuma, inaitwa What, is this my Son Tom? Mzae ametoka ocha, nguo za shamba, amefika tao kumcheki kijana wake. Anapata kijana na wigi refu kuliko kichwa chenyewe, na mzee wa watu hawezi amini huyu ni wake. Chini wameandika mashairi, na mashairi yako upande wa mzae. Kwao Tom amepotea. Lakini mcheki Tom vizuri. Ametoka shambani, ameingia mji wenye hakuna anamjua, na kitu ya kwanza mji unasoma kwake ni nguo. Hapo ndipo ganji yake imeenda. Mimi simlaumu, na kama umewahi kutoka ocha ukashuka stage ya Nairobi na begi moja, hata wewe utamwelewa.

Nguo zenyewe zilikuwa zinazunguka. Mdosi akichoka na koti, alikuwa anampea mfanyakazi wake, hiyo ilikuwa desturi. Mfanyakazi anavaa, au anaenda kuuza. Karibu na Tower of London, barabara ya Rosemary Lane, kulikuwa na soko la nguo kuukuu lilikuwa linaitwa Rag Fair. Ni Gikosh yao: marundo, kelele, wasee wanachagua mpaka wapate kitu ya maana. Kwa hivyo msichana wa jikoni angeweza kuvuka barabara Jumapili na gauni ya hariri, na mgeni asimtofautishe na mama wa nyumba. Hii iliwakera wenye nyumba vibaya sana. Mchoraji John Collet alipata wera kibao kwa hasira hiyo, akichora wafanyakazi wa jikoni wakijitengeneza kama wadosi. Ukizicheki nyingi kwa mpigo, unaanza kuona sindano inaelekea wapi. Haikuwa inauliza kama nguo ni mbaya. Ilikuwa inauliza nani amekupea ruhusa ya kuivaa.

Madem nao walichomwa kwa nywele. Miaka ya 1770 nywele zilikuwa zinajengwa juu ya mto wa sufu, zinapakwa mafuta ya wanyama, zinamwagiwa poda ya wanga wa ngano. Darly akachora kinyozi amepanda ngazi ndio afikie juu. Mwaka wa 1777 akachora kichwa cha dem kimebeba bustani nzima, na mtunza bustani ndani. Ile ya 1776 ndiyo kali: kichwa kimebeba vita vya Bunker Hill huko Marekani, mizinga, bendera, mahema, wanajeshi wote wako nyweleni. Vita ilikuwa imepiganwa Juni ya mwaka uliotangulia, na watu walikuwa wamekufa kweli. Hiyo poda ilikuja kupigwa ushuru 1795, gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, wakati ngano imekuwa adimu na mkate umepanda bei. Wengi wakaacha poda.

Lakini mwenye nataka mmjue ni Julius Soubise. Alizaliwa kisiwa cha St Kitts mwaka wa 1754, mtoto wa mama mtumwa. Akiwa na kama miaka kumi akaletwa Uingereza, akaishia kwa Duchess wa Queensberry. Huyo mathe akampenda, akampeleka kwa Domenico Angelo, mwalimu wa upanga na farasi mwenye alikuwa anafunza watoto wa watu wakubwa kabisa. Soubise akashika. Akawa msaidizi wa kufunza. Akajua fidla, akajua kuimba, akajua kuongea na kila mtu. Na drip! Nywele na poda, njumu za vifungo vya almasi, maua mabichi kifuani, marashi yanamtangulia kabla afike. Chali mweusi, miaka kumi na nane, anatembea London kama mji ni wake.

Tarehe 10 Septemba 1772 Darly wakamtoa. Amechorwa ubavuni, kofia, upanga, fimbo, luku yote. Jina la picha: A Mungo Macaroni. Mungo alikuwa mtumwa kwa mchezo wa kuigiza wa 1768, The Padlock, mwenye alichezwa na mzungu amejipaka rangi nyeusi usoni. London nzima ilimjua. Kwa hivyo hata kabla ucheki nguo, jina lishakuambia huyu alifaa kuwa wapi. Na wekeni tarehe akilini: tarehe 22 Juni ya mwaka huo huo, jaji Lord Mansfield alikuwa ameamua kesi ya James Somerset, kwamba hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu apelekwe utumwani ng'ambo. Haikuwa imeisha miezi mitatu. Mji ulikuwa unabonga kuhusu watu weusi huru, na dirisha la Strand likajibu na hiyo picha.

Ya mwaka uliofuata ni chafu zaidi. William Austin alichora Duchess na Soubise wakicheza upanga, na maneno yake yanamwita Soubise mbwa wa mapajani. Mimi nikiiangalia sicheki. Nacheki jinsi anasimama: mguu mbele, mgongo wima, mkono unajua kazi. Mchoraji alitaka kumshusha, lakini huo mkono hangeweza kuuchora vibaya, ju kila mtu London alijua Soubise ni mnoma wa upanga.

Simpi utakatifu. Ignatius Sancho, mweusi mwenzake mwenye alikuwa na duka Westminster, alimwandikia barua akimsihi atulie, na hizo barua ziko kwa kitabu kilichotoka 1782. Soubise aliondoka Uingereza 1777, akiandamwa na shutuma ya kumbaka mfanyakazi wa kike, na hiyo si kitu ya kufunikwa juu ya drip. Alienda Calcutta, India, akafungua shule ya kuendesha farasi, na 1798 farasi akamwangusha akafa.

Ingekuwa uongo kusema hizi picha zilipiga wadogo pekee. Kizazi kilichofuata kilileta James Gillray, na huyo alikuwa hatari. Alikuwa anaishi juu ya duka la Hannah Humphrey, mwanamke mwingine mwenye alishika hii biashara ikamtii. Mwaka wa 1792 Gillray alimchora mrithi wa kiti cha mfalme akiwa ameshiba mpaka vifungo vya fulana vinalia, anachokoa meno na uma, bili zenye hajalipa ziko hapo nyuma. Mwaka mmoja kabla, 1791, alikuwa amechora msimamizi wa shamba la miwa West Indies akimtumbukiza mtumwa kwa karai la sukari inachemka, kutokana na stori yenye ilisemwa bungeni. Hiyo haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa ya kumfanya mtu aweke chini kikombe cha chai. Shaba ni ile ile, asidi ni ile ile, sindano imegeuzwa juu.

Hapo ndipo nampima mchoraji. Mkono wa Darly ulikuwa mtamu, mistari michache na mtu yuko hai, lakini mara nyingi sana ulitafuta wasee kama Tom na Soubise kwanza. Gillray alijua njia ya kupanda kwa mfalme, na kwangu huyo ndiye mkubwa wao.

British Museum wameweka mkusanyiko wao wa hizi picha kwa intaneti, na kuangalia ni bure. Wachoraji wa mtaa, wasee wa grafiti, wasee wa katuni za simu, ingieni mcheke na mjifunze huo mkono. Lakini kabla mchore msee wa luku kali mwenye ametoka base yenu, kwanza mtafuteni mdosi mwenye bili zake bado hajalipa.